Mpagani hana kiti kwenye kamati ya miti

Kwenye kambi yetu hapa mkoani Kigoma kuna kamati ya dini zote ya kutunza mazingira. Hivyo ndivyo inavyoitwa, dini zote. Ina wachungaji, ina katekista, ina shehe na msaidizi wake, ina akina mama wa vikundi vya maombi. Ina bango zuri kabisa, msalaba upande huu, mwezi na nyota upande ule, na katikati mti wa kijani. Hamna hata mtu mmoja wa ile dini ambayo mababu zetu walikuwa nayo kabla msalaba na mwezi havijafika. Ukiuliza kwanini, jibu linatoka haraka kama la mtoto aliyekariri: "Hao ni wapagani."

Basi vijana wenzangu, na nyie wa mashirika mnaosoma humu kimyakimya, leo tuliseme hilo jambo.

Kwanza niweke wazi ili mtu asianze kunihubiria kwenye maoni. Mimi ni Mpentekoste, naimba kwaya, nimebatizwa kwenye maji mengi. Sitambiki. Siandiki haya nikiwa nimerudi nyuma. Naandika kwa sababu miti inaisha, na watu wanaojua miti tumewaacha nje ya mlango.

Neno lenyewe, pagani, ni la Kilatini. Maana yake ya mwanzo ilikuwa mtu wa shamba, mtu anayekaa vijijini. Wakristo wa miji ya Kirumi ndo waliolifanya liwe la kumtaja mtu ambaye hajaokoka. Kwa hiyo sisi tumeunda kamati ya kushughulika na ardhi na miti, halafu mtu wa kwanza kumfungia nje ni mtu wa shamba. Ingekuwa ni kamati ya kushughulika na lami ningeelewa.

Wapo lakini? Wapo. Nimejitolea kujaza fomu za kaya kwa muda sasa, na nafasi ya dini ina vyumba vitatu: Mkristo, Mwislamu, Nyingine. Hakuna anayetaka kuwekewa alama kwenye Nyingine. Nimeona mzee anaulizwa, anamwangalia mjukuu wake, mjukuu anajibu "andika Mkatoliki", mzee ananyamaza. Ukirudi jioni bila fomu, huyo huyo mzee anamwagia wazee wake pombe kidogo chini kabla hajanywa, anawataja majina. Yaani kwenye karatasi hatuna watu wa dini ya jadi, na kwa kuwa kwenye karatasi hawapo, kamati inasema ingemwita nani. Ni hesabu rahisi sana ya kumfuta mtu.

Kuna mmoja wa hao, mzee kutoka upande wa Fizi, Mbembe kama mimi. Baba yake alikuwa mtu wa Bwami. Vijana wengi hapa hawajui hata Bwami ni nini, wanadhani ni jina la mtu. Ilikuwa ni jumuiya ya Walega na Wabembe, mtu anapanda ngazi moja baada ya nyingine, anafundishwa tabia, na mafundisho yenyewe yamebebwa na methali, na vitu vya kuchongwa, na mambo ya porini. Wabelgiji waliipiga marufuku mwaka 1933, halafu tena 1948. Sasa jiulize serikali ya kikoloni inaogopa nini kwa wazee wanaofundishana methali. Haikuogopa mashetani yao. Iliogopa kwamba hawa watu wana mamlaka ambayo haitoki ofisini.

Huyo mzee ndiye aliyesema kitu kimoja kwenye upandaji wa miti wa msimu uliopita, na hakuna aliyemsikiliza. Miche ilikuja Aprili, mvua zinaelekea mwisho. Ilikuwa ya aina moja yote, mijohoro, ikapandwa kwa mstari kama askari. Shehe akaomba dua, mchungaji akaomba, picha zikapigwa. Mzee alikuwa amesimama pembeni na fimbo yake, akasema kwa sauti ya kawaida tu: "Mnachimba shimo la mti mpya juu ya mti ulio hai." Watu wakacheka. Alichomaanisha ni visiki. Msitu wa huku ni miombo, na miti ya miombo ukiikata haifi hapo hapo. Mtundu, mninga na wenzao wengi wanachipua tena kwenye kisiki au kwenye mizizi. Ukikilinda kisiki, ukachagua machipukizi mawili matatu ukayaacha, ukazuia moto wa mwisho wa kiangazi ule mkali, mti unarudi wenyewe bila mtu kubeba ndoo ya maji, kwa sababu mizizi tayari iko chini sana. Hilo si siri ya mizimu, hata wataalamu wa misitu wanalijua. Kwetu alilisema mpagani, basi likawa halina maana. Kufika Agosti ile mijohoro mingi ilikuwa vijiti. Bango bado lipo.

Haya. Hilo la miche nimelitaja ili mjue kwamba hasara inaonekana kwa macho. Kinachoniuma zaidi ni mkuyu.

Wengi wenu mnaujua ule mkuyu mkubwa wa kwenye korongo, chini ya bomba la maji. Wenyeji wetu Waha wanauheshimu, wazee wao hawaukati na hawataki ukatwe. Wageni hawaelewi kwamba Buha ya zamani ilikuwa na wateko, watu wa matambiko ya ardhi. Kabla hujalima, kabla hujahamia mahali, mteko ana kauli, na hata watawala waliihitaji kauli yake. Sasa kuna kikundi cha maombi, sitakitaja, kimeanza kufunga na kuomba ili ule mti uangushwe, eti una mapepo, eti ndo unaofunga vijana wasipate nafasi ya kwenda nchi ya tatu. Jamani! Kesi ya mtu inakaa miaka kwenye meza ya mtu mwingine huko, halafu lawama inapewa mkuyu. Na kamati ya dini zote, mpaka leo ninapoandika, haijasema neno. Jambo lao liko kwenye ajenda ya kikao cha Jumamosi.

Najua andiko litakaloletwa Jumamosi. Litakuwa Gideoni, yule aliyeikata Ashera usiku. Sawa, tusome wote. Gideoni aliambiwa avunje madhabahu ya Baali ya baba yake na aikate ile Ashera iliyokuwa kando yake. Hakuambiwa asafishe kingo za mto. Biblia hiyo hiyo inasema Ibrahimu alipanda mti Beersheba na hapo akaliita jina la Mungu. Kumbukumbu la Torati linakataza jeshi kuangusha miti ya matunda ya mji wanaouzingira, hata ikiwa ni vita. Nyie mnataka kuangusha mkuyu wa majirani waliotupokea, na hatuko vitani nao. Mkuyu wenyewe una matunda, ndege wanakula, watoto wetu wanakula.

Kwa ndugu zangu Waislamu nina swali la upole. Mnaijua hima, eneo lililotengwa, halichungwi ovyo wala halikatwi ovyo. Hima ilikuwepo Uarabuni kabla ya Uislamu. Wakubwa wa makabila walijitengea, na nyingine zilihusishwa na miungu yao. Uislamu ulipokuja haukusema kwa kuwa hiki kilikuwa cha washirikina basi tukichome. Ulikitoa kwenye mikono ya wakubwa ukakifanya kiwe cha manufaa ya watu wote. Yaani kitu kizuri kilichokutwa kwa wapagani kilisafishwa, kikatumika. Kwanini jambo hilo liwezekane Hijazi, hapa korongoni lishindikane?

Tena msinieleze kwamba hili haliwezekani kwenye nchi za Waswahili. Nendeni Diani, kusini ya Mombasa, mkaulize Kaya Kinondo. Makaya ni misitu ya Wamijikenda, ndani yake kulikuwa na vijiji vyenye boma tangu karne ya 16, watu wakahama taratibu, lakini misitu wakaiacha chini ya wazee kama mahali pa maombi na pa wazee waliolala. Ukiingia Kinondo unafungwa kitambaa cheusi, na hutoki na kitu, hata kijiti. Sehemu kubwa ya Wadigo, wenye kaya hiyo, ni Waislamu. Wanaswali, wanafunga, na kaya wanailinda. Mwaka 2008 UNESCO iliyaweka makaya kadhaa kwenye orodha ya urithi wa dunia, yametandaa kama kilomita 200 za pwani, na wanasayansi wanakwenda pale kutafuta mimea ambayo nje ya uzio imekwisha. Nje ya uzio kuna hoteli na machimbo. Ndani, waliokuwa wanaitwa washenzi ndo walioacha kitu cha kuonyesha wajukuu.

Au Misali, kisiwa kidogo karibu na Pemba. Wavuvi walikuwa wanapiga baruti, sheria ilikuwepo, doria ilikuwepo, baruti ikaendelea. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaanza kuzungumza na wavuvi kwa njia ya dini yao, kwa Kurani, kwamba mwanadamu ni khalifa, amekabidhiwa tu hii dunia na ataulizwa. Wavuvi waliokuwa hawasikii serikali walisikia hilo. Mnaona? Mtu hutunza kitu kwa sababu ya kile anachokiogopa na kukipenda kwa kweli. Ukiwa na kambi yenye watu wa dini tatu na unazungumza kwa dini mbili, theluthi moja ya mioyo umeiacha.

Na Wangari Maathai, huyu nyie dada zetu mnamuweka kwenye picha za wasifu kila Machi. Alikuwa Mkatoliki, kasoma kwa masista. Alieleza kwamba utotoni kwao Nyeri mama yake alimkataza kuokota kuni kwenye mkuyu fulani, kwa kuwa ni mti wa Mungu. Karibu yake kulikuwa na chemchemi, na yeye alicheza pale na mayai ya vyura. Akaenda Marekani kusoma, aliporudi mti umekatwa na mwenye shamba mpya ili apande chai, na kijito kimekauka. Baadaye akaelewa kwamba mizizi ya mkuyu inapenya chini na kufungulia maji njia ya kupanda juu, na inashika udongo usiporomoke. Mama yake hakusoma elimu ya maji. Alikuwa na katazo tu, na katazo lilifanya kazi mpaka alipokuja mtu ambaye halikumhusu. Mwaka 1977 huyo mtoto akaanzisha Green Belt Movement, mwaka 2004 akapewa Nobel. Tunampigia makofi yeye, na wanaofanana na mama yake tunawaombea watolewe pepo.

Sasa nigeukie nyie wa vesti za bluu na za kijani. Msidhani hii makala ni ya wachungaji peke yao.

Nyie hamsemi mpagani, mna adabu. Mnasema "maarifa asilia". Mnamwita mzee chini ya mti saa mbili, mnamwuliza mti huu unatibu nini, ule unazuia nini, mnaandika, mnampa soda, mnaondoka. Kwenye ripoti maarifa yanakuwa ya "jamii". Sehemu ambayo mzee alisema huu mti hatuukati kwa kuwa wazee wetu wako hapa, hiyo mnairuka, haina chumba kwenye jedwali. Mchungaji anaitupa dini ya mzee kwa sababu anaiogopa, nyie mnaitupa kwa sababu mnaionea aibu mbele ya wafadhili. Kwa mzee ni yale yale. Bora hata mchungaji, angalau anaamini kwamba mzee ana dini, ila ni mbaya.

Na msiseme kukaa meza moja na watu wa jadi ni kitu kisicho na mfano. Mwaka 1986, Assisi, Italia, shirika la WWF liliita dini tano zizungumze juu ya mazingira: Wabuddha, Wakristo, Wahindu, Waislamu na Wayahudi. Za jadi za Afrika hazikuwemo kwenye hizo tano. Lakini mwezi mmoja tu baadaye, tarehe 27 Oktoba, mji huo huo, Papa Yohane Paulo wa Pili aliita dini za dunia kuombea amani na akawaita na watu wa dini za jadi za Afrika. Mwaka 1993 alikwenda Benin akakutana na viongozi wa Vodun, dini ambayo sinema zote zimetufundisha kuiogopa. Na Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, ameandika kwamba jamii za asili ziwe wazungumzaji wakuu pale miradi mikubwa inapogusa ardhi yao, kwa kuwa kwao ardhi ni zawadi ya Mungu na ya wazee waliolala pale. Papa hakubadili dini. Alikaa tu na watu. Kamati ya kambi ina usafi gani uliompita Papa?

Kuna swali gumu na silikwepi: uchawi. Tanzania hii, watu wenye ualbino wameuawa kwa sababu kuna waganga walioagiza viungo vyao. Hilo ni uuaji, jela ndo kiti chake. Hakuna mtu wa aina hiyo ninayemwombea nafasi kwenye kamati yoyote. Lakini angalieni na upande wa pili wa hilo panga. Usukumani vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, na macho mekundu ni ya moshi, mama kapika miaka hamsini kwa kuni mbichi na kinyesi cha ng'ombe kwa sababu kuni nzuri hamna. Huko Kilifi wazee wanauawa kwa mvi zao. Neno mpagani likisogea hatua moja tu linakuwa mchawi, na mchawi likisogea hatua moja mtu amekufa. Mchungaji anapolitupa kwenye kipaza sauti Jumapili asidhani linabaki pale kanisani.

Wala sisemi zamani kulikuwa na paradiso. Sehemu nyingi za matambiko mwanamke hakuruhusiwa kukanyaga, na kuna wazee waliotumia woga wa watu kula mbuzi wa wenzao. Tukimpa mzee kiti, tutamuuliza maswali kama tunavyomuuliza katekista hesabu za sadaka. Kiti si kiti cha enzi.

Na utakatifu haupiki maharage. Mama mwenye watoto sita, mgao umepunguzwa, hana mkaa, hana gesi, ataingia porini hata kama msitu una malaika mlangoni, na huko ataogopa kubakwa na kukamatwa kuliko atakavyoogopa mizimu. Bila nishati ya kupikia, dini zote zikikaa pamoja zitakuwa zinakaa kwenye jangwa. Hilo ni la mashirika na serikali, na tusiwaache walifiche nyuma ya dua zetu. Ndugu zetu wa Shinyanga walishaonyesha njia inavyokwenda. Miti ilifyekwa huko enzi za mkoloni ili kumaliza mbung'o, halafu mifugo na mashamba vikamalizia. Mwaka 1986 ngitili, yale malisho ya Wasukuma yanayofungwa yapumzike, zilikuwa zimebaki kama hekta 600. Mradi wa serikali wa HASHI badala ya kuleta mpango wa kigeni ukarudi kwenye ngitili na kwenye mabaraza ya kimila yanayozisimamia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Nyingi hazikupandwa, zilifungwa tu na kuachwa zirudi. Visiki! Sijui mnanipata?

Kwa hiyo Jumamosi nitasema haya, na nawaomba vijana mje mseme nami kwa sababu peke yangu watanikatisha. Mkuyu wa korongoni usiguswe mpaka wazee wa Kiha wa kijiji jirani waitwe na kusikilizwa, wao ndo wenye ardhi. Eneo la chini ya bomba lifungwe misimu miwili, visiki vichaguliwe machipukizi, na vijana wa zamu wawe wa kanisa, msikiti na wasio wa huku wala kule. Miche ikija ije Novemba, na ya aina nyingi. Fomu ziwe na chumba cha dini ya jadi, kwa jina hilo. Na mzee wa Fizi akae mezani, si pembeni na fimbo.

Nilimuuliza kama atakuja. Koko huyo akaniambia, "Wakinipa kiti nitakaa. Wasiponipa nina kigoda changu." Kikao ni saa tatu asubuhi, kwenye banda la mikutano. Atakayeweza kubeba benchi la ziada abebe.